Taa ya Walukuba

"Mzee, huyu ndiye fundi wa mapazia niliyekuambia," Shakul alisema, na Twaibah akasubiri amalizie.

Hakumalizia. Alisimama pale kwenye baraza ya nyumba ya Mzee Rakesh, huko Wanyange, ngazi begani, akamwonyesha Twaibah kwa kidevu kama mtu anayeonyesha swichi, kisha akarudi kwenye nyaya zake. Fundi wa mapazia! Mwanamke aliyeondoka Mbale alfajiri, mfuko wa mapazia mapajani njia nzima. Mwanamke ambaye Jumamosi hii ndugu zake Shakul walikuwa waende kwa baba yake, mtaa wa Namakwekwe, kwa kwanjula, waketi kwenye mikeka na kumwomba mbele ya ukoo mzima. Neno "mchumba" lina uzito gani hata limshinde mtu anayebeba ngazi kutwa?

"Karibu sana, fundi," alisema Mzee Rakesh, mzee mpole wa Kihindi aliyezaliwa Jinja na kuzeekea Jinja, gazeti mkononi. "Mbale iko mbali, bwana! Meera! Letea mafundi chai."

Basi Meera akaja, na hapo ndipo siku ilipoharibika.

Twaibah alikuwa amelisikia jina hilo kwenye simu miezi yote ya kazi hii. Meera kasema hivi, Meera anataka vile. Kichwani mwake alikuwa amejichorea binti wa tajiri mwenye sauti ya kuamuru. Aliyetoka na sinia alikuwa mrembo, tena mrembo wa kumfanya mtu asahau alichokuja kufanya, miguu peku, nywele amezifunga ovyo kama mtu asiye na shida ya kuzitengeneza, na alikuwa anacheka kabla hujamwambia la kuchekesha.

"Shakul, yako haina sukari," alisema, akampa kikombe bila hata kuuliza.

Haina sukari? Tangu lini? Akija Mbale, Shakul alikuwa akitia sukari mpaka kijiko kinakaribia kusimama. Twaibah alimeza chai yake ya moto kwa mkupuo mmoja, ikamuunguza koo, naye akafurahi ilivyomuunguza, maana alipata sababu ya machozi.

"Kifaa kimoja kimeungua," Shakul alisema baada ya muda. "Nafika mjini mara moja, nakitafuta, narudi. Dada, utaanza na dirisha la sebuleni."

Dada! Alimtazama alivyoteremka ngazi za baraza akiimba wimbo puani. Hakugeuka.

Wakabaki wawili sebuleni, Twaibah juu ya kigoda na pini mdomoni, Meera chini akimshikia kitambaa. Mzee alikuwa barazani na gazeti lake. Na Meera, kama mtoto aliyenunuliwa kiatu kipya, hakuweza kukaa na raha yake peke yake.

"Dada, njoo nikuonyeshe nyumba inavyofanya. Njoo tu, pazia halikimbii."

Nyumba ilikuwa na maajabu, hilo Twaibah alilikubali hata kwa roho yake iliyokunjamana. Meera alikanyaga kipandio cha kwanza cha ngazi, na chini ya kila kipandio pakawaka mwanga mwembamba unaomtangulia hatua moja, ili Mzee anapoamka alfajiri asijikwae wala asiamshwe macho na taa kubwa. Nyuma, kwenye kamba ya nguo, palikuwa na kifaa cha kuwasha taa ya buluu jikoni matone ya kwanza ya mvua yakidondoka, ili nguo zianuliwe. Taa za nje zilijigeuza njano usiku ule wanapokuja wale wadudu wa ziwani kwa maelfu, na taa moja nyeupe ikabaki mbali kwenye uzio, wakaizongee huko na kuwaachia watu mlo wao. Mzee akiketi kwenye kiti chake na kufungua gazeti, mwanga wa juu yake uliongezeka wenyewe, polepole, kama mtu anayesogea kumsaidia kusoma.

"Haya yote ameyatoa kichwani," Meera alisema. "Wengine walikuja na vitabu vya picha, wakaniambia chagua. Shakul alinikalisha jikoni, akaniuliza tu. Ukiamka unatazama wapi kwanza? Ukitoka kuoga unapita upande gani? Ukiwa na huzuni unakaa wapi?"

"Ukiwa na huzuni?" Twaibah alisema kupitia kwenye pini.

"Eeh! Ndiyo maana akaniwekea hii."

Akagusa simu yake. Juu ya kiti kidogo cha dirishani kikawaka kitaa cha rangi ya asali, laini, cha kumtosha mtu mmoja tu. Meera akakitazama kwa macho ambayo Twaibah aliyajua. Mwanamke hutazama hivyo zawadi, hatazami hivyo mali aliyoinunua.

Wivu hauingii kwa hodi. Ulimwingia Twaibah ukakaa kifuani, ukavua viatu. Shakul alijua Meera anaamka vipi, anaoga saa ngapi, analilia wapi. Yeye Twaibah hajawahi kuulizwa hata swali moja. Amelilia nyuma ya jiko la mama yake, amelilia kwenye cherehani, na huyu mwanaume wa kuoa Jumamosi hajui hata kimoja, lakini kwa Meera amekuwa mtafiti wa machozi!

Simu yake ikalia. Alikuwa Senga Hajarah, dada wa baba yake, aliyeko Busiu, ambaye kwa mila ndiye mwenye mdomo wa mwisho katika ndoa ya binti wa kaka yake. Twaibah alijivuta kwenye kona ya korido.

"Umefika? Umemwona huyo msichana?"

"Nimemwona, Senga."

"Mzuri?"

"Mzuri."

"Nilisema mimi! Mwanaume ambaye kazi yake ni kuingia vyumbani mwa wanawake, kuwauliza wanapenda mwanga gani, huyo mimi simwiti fundi. Na hao wenye nyumba amewaambia wewe ni nani?"

"Fundi wa mapazia." Hilo lilimtosha Senga.

"Mwanangu, sikiliza. Ng'ombe bado yupo kwenye kamba, baba yako hajachinja. Sema neno moja tu, nami Jumamosi nafunga mlango, hao wageni warudi na vikapu vyao. Hakuna aibu kabla ya kwanjula. Aibu ni baada. Unasemaje?"

"Nipe mpaka jioni, Senga."

"Jioni. Isilale."

Aliporudi sebuleni Meera alikuwa ameketi chini ya kitaa chake cha asali, amekunja miguu, na uso wake haukuwa tena na kicheko.

"Dada, wewe unarudi Mbale leo?"

"Leo."

"Basi nikwambie kitu. Hapa sina wa kumwambia. Mama alishafariki, na shangazi zangu wote mdomo wao ni mmoja na wa Baba." Akashusha sauti. "Ile taa ya barazani, umeiona? Kuna kijicho pale kwenye kioo cha dirisha, kile cheupe. Jua likizama, kijicho kinaona giza, taa inawaka na kuzima mara mbili, halafu inatulia. Jioni Baba huwa hekaluni. Na taa hiyo ina ndugu yake. Ikiwaka hii, na ile inawaka, mbali huko."

"Ndugu yake yuko wapi?"

Meera alijifunika uso kwa viganja. "Walukuba."

Twaibah alishika ukingo wa meza. Shakul alikuwa anakaa Walukuba. Chumba kimoja na sebule, mlango wa kijani, karibu na uwanja.

"Kwa mtu?"

"Kwa mtu. Si wa kabila letu, si wa dini yetu. Si tajiri. Baba akijua, ndege ya kesho kutwa niko kwa wajomba na sirudi. Lakini ni mpole, dada! Ana mikono..." Akacheka, akaacha. "Yeye akiiona taa anajua Baba hayupo, anakuja, tunaongea pale uzioni. Kuongea tu, wallahi, kama mnavyosema nyinyi. Shakul ndiye alinipa hilo wazo. Alisema kuna watu walikuwa wanafanya hivyo Mbale."

Watu!

Twaibah aliona ukuta unasogea. Kuna watu, ndiyo. Kuna msichana ambaye baba yake alikuwa akitoka kwenda kuswali Isha, naye akikimbilia swichi ya jikoni, akawasha na kuzima mara mbili, na kijana kutoka Jinja aliyekuwa akisubiri chini kwenye duka la unga akapanda kilima mbio. Taa ikitulia bila kukonyeza, Baba yumo, pita zako. Hilo lilikuwa lao. Hakumwambia hata Senga. Na Shakul amelichukua akalipeleka kwa mwanamke mwingine, akalifungia waya na kijicho, na sasa taa ya pili ilikuwa chumbani kwake Walukuba, ikimkonyeza!

Kikulacho ki nguoni mwako. Yeye alikuwa ameishona hiyo nguo kwa mikono yake.

"Ni siri nzuri," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa utulivu. "Niachie nimalizie dirisha hili. Nenda ukapumzike."

Meera alimbusu shavu na kupanda juu, na chini ya miguu yake peku vipandio vikamwashia kimojakimoja.

Sasa, mtu mwenye akili angesubiri Shakul arudi, amuulize. Lakini wivu na akili havilali kitanda kimoja. Twaibah alipiga mahesabu yake ya haraka: Walukuba hapo si mbali, na Shakul akitoka mjini lazima apitie kwake, atakula, atabadilisha shati. Taa ikiwaka mchana huu, wakati si wake, atadhani Meera ana neno la dharura. Atakuja mbio kama alivyokuwa akipanda kile kilima. Na atakuja na uso ule. Twaibah aliujua uso ule. Akiuona tu, Senga atapata jibu lake kabla ya jioni.

Alikata kipande cha bitana nyeusi, ile nzito ya kuzuia jua, akakipitisha kati ya kioo na kijicho cheupe, akakibana kwa pini mbili.

Nyumba ikaamini kwamba usiku umeingia. Saa tisa mchana, jua linachoma ziwa, na ngazi zikawaka, korido ikawaka, taa za bustani zikajigeuza njano kungojea wadudu. Kutoka chumba cha sala ukapanda mwanga mwekundu. Na barazani, juu ya kichwa cha Mzee Rakesh, taa ikawaka ikazima, ikawaka ikazima, ikatulia.

"Eh!" Mzee aliinua macho kwenye gazeti, akatazama jua, akatazama taa. "Fundi! Hii nyumba iko na wazimu?"

"Sijui, Mzee," Twaibah alisema dirishani. "Fundi wa taa anakuja."

Akasubiri. Aliyapanga mapazia, akayapangua. Alikuwa akimwomba Mungu pikipiki isije, na papo hapo akitega sikio asije akaikosa.

Pikipiki ikaja. Ilisimama getini kwa breki ya mtu mwenye wasiwasi, na mwanaume akaingia mbio, kofia ngumu kwapani, koti jeupe la kazi bado mwilini.

Hakuwa Shakul.

Alikuwa kijana mrefu, uso wa upole, na alipomwona Mzee Rakesh ameketi barazani alikwama katikati ya njia, mguu mmoja mbele. Twaibah alisikia nyuma yake mtu anavuta pumzi. Meera alikuwa ameteremka hadi katikati ya ngazi. Rangi yote ilikuwa imemtoka, na mikono ameiweka mdomoni. Twaibah aliutazama uso huo na akajiona mwenyewe, jikoni kwa mama yake, ile jioni Baba alipoghairi msikiti na kurudi nyumbani.

Aibu ilimshika. Msichana alimpa siri yake yote, na yeye ameifanya mtego! Kumbe ni kweli, Walukuba ni kubwa. Ina milango mingi, na si yote ya kijani.

"Wewe nani?" Mzee alikuwa amesimama. "Nataka nani hapa?"

"Mimi... shikamoo, Mzee. Naitwa Isiko. Nina duka la dawa, Walukuba." Kijana alikodoa macho kutafuta uongo na hakuupata. "Nime... nilikuwa na..."

"Nani mgonjwa? Nani ameita dawa?" Na Mzee Rakesh, ambaye hakuwa mjinga, akageuka taratibu kutazama ndani ya nyumba, ngazini.

"Mzee!" Twaibah alitoka barazani, tape ya kupimia shingoni. "Samahani sana, Mzee. Ni mgeni wangu. Ni mchumba wangu. Nilimwambia aje kunichukua, nikasahau kukuomba ruhusa."

Isiko alimtazama kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni na mtu asiyemjua. Akaishika. "Ndiyo," alisema. "Mchumba wangu."

Uso wa Mzee ukafunguka. "Haa! Fundi, wewe iko na mchumba! Na mbona hujasema?"

"Sikuulizwa, Mzee."

Alilisema hilo kwa uchungu wa asubuhi nzima, na alipoinua macho alimwona Shakul. Alikuwa amesimama nyuma ya Isiko, pale getini, pakiti ya kifaa chake mkononi. Alikuwa amesikia. Mdomo ulikuwa wazi kidogo.

"Shakul, njoo, njoo!" Mzee aliita kwa furaha. "Fundi wako naolewa! Na wewe tafuta, bwana, usizeeke na nyaya. Kijana, kaa chini, kunywa chai. Harusi lini?"

Isiko alimtupia Twaibah jicho la kuomba msaada.

"Jumamosi," Twaibah alisema, maana kichwa kilikuwa hakina siku nyingine. "Jumamosi watu wake wanakuja kwa Baba."

Pakiti ilianguka kutoka mkononi mwa Shakul. Aliinama kuiokota, akakaa ameinama muda mrefu kuliko pakiti ile ilivyostahili. Kisha akapita katikati yao bila salamu, akaingia ndani, kwenye dirisha, kwa sababu taa zilikuwa bado zinawaka mchana na hiyo ndiyo kazi iliyomleta. Twaibah alimfuata. Nyuma yao Mzee alikuwa anammiminia Isiko chai na kumuuliza habari za dawa za magoti.

Shakul alikuwa ameshaipata bitana. Alichomoa pini moja, akaishika mbele ya macho yake.

"Hii pini ni yako." Alinong'ona, lakini shingo yake ilikuwa imejaa mishipa. "Umemwita kwa taa yangu? Nimetundika taa hii kwa mikono yangu, na wewe unamwitia Isiko? Isiko wa duka la dawa! Mimi nanunua panadol kwake!"

"Punguza sauti."

"Jumamosi ni yangu, Twaibah! Mjomba wangu amekodi gari. Nimeacha sukari mwezi mzima ili kanzu inikae vizuri mbele ya baba yako. Na wewe unaitoa Jumamosi yangu kwa mtu mwingine, mbele ya macho yangu, na chai juu?"

Kumbe sukari ilikuwa kanzu. Twaibah alihisi kicheko na kilio vinagombania mlango mmoja.

"Mimi ni fundi wa mapazia tu," alisema. "Fundi wa mapazia anaweza kuolewa na yeyote. Wewe mwenyewe ndiye ulinitambulisha."

"Nilisema vile kwa ajili ya kazi! Mzee hapendi fundi anayeleta watu wake. Nilitaka aone mkono wako kwanza, halafu ajue wewe ni wangu."

"Nilikuwa nasubiri pale barazani, Shakul. Neno moja tu. Ukanionyesha kwa kidevu."

Alitazama chini.

"Na huyu Meera," Twaibah aliendelea, kwa sababu wivu ukishaamka haulali mara moja, "unajua analilia wapi. Ulimuuliza. Mimi hujaniuliza lolote. Tena ukampa na ile taa yetu. 'Kuna watu Mbale.' Sisi ndio watu!"

"Nilikosea. Alikuja ananililia kuwa yuko mpweke, na mimi sina wazo la taa zuri kuliko lile. Ile taa ya pili nilimpa mkononi, sikuuliza anampelekea nani. Yote niliyotengeneza ni hesabu. Lile lilikuwa..." Akanyoosha kiganja chini ya kidevu cha Twaibah. "Toa pini mdomoni."

"Nini?"

"Zimebaki pini mdomoni, Twaibah. Ukikasirika unazisahau, unaongea nazo. Siku moja utazimeza. Toa."

Alizitema kiganjani mwake, moja baada ya nyingine.

"Wewe sijakuuliza," Shakul alisema, "kwa sababu wateja ndio nawauliza. Wateja siwajui. Wewe unalia ukiwa umekaa kwenye cherehani, unaendesha pedali bila kitambaa ili mama yako asikusikie. Taa isipokonyeza nilikuwa napita chini ya dirisha lenu, naisikia. Hebu niambie ningekuuliza nini."

Miaka yote hiyo Twaibah alidhani hiyo pedali ni siri yake.

"Sasa niambie ukweli," Shakul alisema. "Unampenda huyu mtu?"

"Simpendi. Sijawahi kumwona."

"Kwa hiyo kwa nini..." Uso wake ukakaza, ukawa uso wa mtu aliyeamua. "Basi hayo mengine sitaki kuyajua. Kazi na ipotee. Namwambia Mzee sasa hivi wewe ni wa nani." Na kabla hajamzuia, alikuwa ameshageuka kuelekea barazani. "Mzee! Mzee Rakesh, kuna neno nataka kusema!"

"Sema, Shakul, sema," Mzee aliitikia, kikombe mkononi.

Hilo ndilo lilikuwa neno ambalo Twaibah alikuwa amelisubiri tangu asubuhi, na lilikuwa linakuja, kwa sauti, mbele ya watu. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya na kulipokea. Lakini Shakul akishasema Twaibah ni wake, Mzee atauliza, basi huyu kijana ni wa nani? Na aliona ngazini, nyuma ya nguzo, vidole vya Meera vimeishika reli kama mtu aliye melini.

Alimkamata Shakul kiganja cha mkono, akakibana kwa kucha.

"Usiseme," alinong'ona. "Nakuomba. Ukilisema, kuna mtu ataumia, na kosa ni langu. Nyamaza leo. Niamini."

"Nikuamini vipi, na mwanaume anakunywa chai ya uchumba wako?"

"Hivyohivyo."

Walitazamana. Twaibah aliona wivu wake mwenyewe umekaa machoni mwa Shakul, ule ule, na viatu umevua, na akamhurumia. Alijua ni mzigo gani anaomtwisha, maana alikuwa ameutua yeye dakika hiyo.

"Shakul?" Mzee aliita. "Neno gani?"

"Nilitaka kusema, Mzee... kifaa kimepatikana. Taa zitakuwa sawa."

Na akachomoa pini ya pili. Kijicho kikaona jua, na nyumba nzima ikajizima.

Mzee Rakesh hakubali mgeni aondoke bila kusindikizwa. Aliwatoa mpaka getini yeye mwenyewe, akimbariki Isiko na kumpa maneno ya ndoa kutoka ndoa yake ya miaka mingi. Hapakuwa na nafasi ya kunong'ona. Isiko alikalia pikipiki, Twaibah akakaa nyuma kiupandeupande, na mfuko ukabaki chini.

"Shakul, msaidie fundi," Mzee alisema.

Shakul aliuinua mfuko. Aliufunga nyuma ya pikipiki ya mwanaume mwingine kwa kamba zake mwenyewe, akakaza fundo, akalijaribu, akalikaza tena. Alimaliza, akasogea kando, na Twaibah aliyaona maneno yamemjaa hadi kwenye meno.

"Mwendeshe polepole," hatimaye alimwambia Isiko. "Barabara ina mashimo."

Pikipiki ikaondoka. Walipofika mbali kidogo na geti Isiko ndipo alipopata pumzi.

"Dada, mimi sikujui, wallahi, na umeniokoa mimi na yule mtoto wa watu. Sijui nikushukuru vipi. Wewe ni nani?"

Twaibah aligeuza shingo. Mzee alikuwa amesharudi ndani. Shakul alikuwa amebaki peke yake katikati ya barabara, juani, mikono inaning'inia, anatazama vumbi lao. Simu ikaanza kulia mkobani, na hakuwa na haja ya kuitazama kujua ni Senga anataka jibu.

"Unamwona yule pale, anayetutazama kama tumemwibia?"

"Shakul? Fundi wa taa?"

"Ndiye mume wangu," alisema. "Punguza mwendo, asije akadhani nakimbia."